Ngazi ya Asilimia Thelathini

Shemeji yake Mkasi alikuja kukaa siku mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa. Walimpa chumba cha uani kilichokuwa stoo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusumbua watu, hakuwahi kuomba kingine wala kutaja siku ya kuondoka. Mahitaji yake yalikuwa machache: kitanda, redio, na watu wa kuwaelimisha. Kitanda na redio alivikuta. Watu wa kuwaelimisha walikuwa wawili, ukiwatoa watoto, ambao walikuwa na shule yao. Wa kwanza ni mdogo wake, dereva wa gari la wagonjwa katika hospitali ya serikali, mwenye kipaji cha kusinzia huku macho yako wazi. Wa pili ni mke wa huyo mdogo wake, yaani Mkasi, kama walivyomwita kiwandani.

Shemeji mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mchumi. Hakuwa amesomea uchumi, na kuchuma ndiyo kabisa, hakuna aliyewahi kumwona akichuma chochote. Lakini hakukosa hata mjadala mmoja wa redioni kuhusu bajeti, na aliweza kutamka "pato la taifa" kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa lote.

Mkasi jina lake alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikata vitambaa katika kiwanda cha kushona sare: za shule, za manesi, za walinzi. Alisimama mbele ya meza ndefu kama korido, akavaa glavu yake ya nyuzi za chuma, akapitisha kisu cha umeme kwenye tabaka sitini za kitambaa zilizolaliana kama kurasa za kitabu, na suruali ya chini kabisa ikatoka sawasawa na ya juu kabisa. Wenzake wa upande wa cherehani walisema kipande alichokata yeye unaweza kukishona umefumba macho.

Basi msimamizi wa chumba cha kukatia alipostaafu kwa sababu ya mgongo, meneja alimwita Mkasi ofisini akamwambia akae. Hilo lilimtia wasiwasi, maana kwenye kiti kile watu walikalishwa siku ya kufukuzwa. Badala yake akaambiwa cheo ni chake akikitaka. Mshahara ungetoka laki tano na tisini elfu hadi laki saba na nusu. Mkasi akaomba siku moja ya kufikiri, kwa adabu tu, maana alikuwa ameshamaliza kufikiri kabla hajainuka.

Jioni ile, wakati wa kula, aliwapasulia habari. Mume wake alimpongeza, akasema cheo hicho alikistahili tangu zamani, akaendelea kula. Mchumi aliweka kijiko chini taratibu, kama daktari anayevua miwani kabla ya kutoa majibu mabaya.

"Shemeji," alisema, "unajua maana ya ngazi ya asilimia thelathini?"

Mkasi hakujua. Miaka yote hiyo hati yake ya mshahara alikuwa akiisoma mstari wa mwisho tu, ule wa kinachobaki. Mchumi akaomba kalamu, akageuza karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, na kumweleza kwa mapana na marefu. Mapato yakivuka laki sita, alisema, mtu anaingia kwenye ngazi ya asilimia thelathini. Asilimia thelathini ya laki saba na nusu ni laki mbili na ishirini na tano elfu. Toa hizo, zinabaki laki tano na ishirini na tano elfu. Sasa yeye Mkasi, kwa mshahara wake wa leo, mkononi anapata ngapi? Mkasi akasema laki tano na sitini na moja elfu. Mchumi akazipigia mstari tarakimu zote mbili, akamsogezea karatasi.

"Wanakupandisha ili ushuke," alisema.

Mume aliuliza, huku akitafuna, kama kweli watu wote wanaopanda vyeo duniani ni wajinga. Mchumi akamjibu kwamba wakubwa wana wanasheria wao. Halafu akaingia kwenye suala la haki, ambalo ndilo hasa lililomkondesha. Ni haki gani hiyo, aliuliza, ya kumwadhibu mtu kwa sababu ameongeza bidii? Kwa nini mchapakazi akatwe zaidi ili mvivu aishi raha? Alisema hayo kwa hisia kali, na pengine yangemgusa yeyote asiyejua kwamba msemaji hakuwahi kukatwa hata senti moja ya kodi ya mapato, kwa sababu rahisi kwamba hakuwahi kuwa na mapato ya kukatwa.

Kazini Mkasi alipima kila kitu mara mbili. Lakini hesabu ile ilikuwa imeandikwa, ina asilimia, na imepigiwa mistari, naye akaona ingekuwa ujuaji kuigusa. Usiku mzima aligeukageuka kitandani. Asubuhi alikaa na Mchumi kuandika barua. Yeye alitaka kuandika tu kwamba anashukuru lakini hailipi. Mchumi alisema maneno hayo hayana uzito. Barua iliyofika kwa meneja ilisomeka hivi: "Kwa kutambua dhuluma ya mfumo wa kodi unaomwadhibu mchapakazi na kuua ari ya uzalishaji, nalazimika kwa masikitiko makubwa kukataa cheo nilichopewa."

Meneja aliisoma mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya ngazi hiyo ya asilimia thelathini mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa kumtazama shingo ungeona kwamba njaa haijamuua. Alijua vizuri sana kodi ile inavyokatwa. Lakini kumweleza mtu jambo ambalo hakuuliza si kazi ya meneja. Alisema tu, "Huu ni msimamo," akaitia barua kwenye faili.

Cheo kikaenda kwa Mshazari.

Huyu Mshazari aliitwa hivyo kwa sababu kisu chake hakikupenda njia iliyonyooka. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, alichangia misiba, na alipokata kola ilitoka upande mmoja mrefu kama anayevaa ameinamisha kichwa kusikiliza jambo. Siku ya kwanza ya usimamizi alimfuata Mkasi kwa unyenyekevu akamwomba amwangalizie michoro kabla ya kukata. Siku ya pili akamwomba amwangalizie na vipimo. Kufika wiki ya tatu, Mkasi alikuwa akifanya kazi ya msimamizi tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni kwa mshahara wa mkataji, na Mshazari alikuwa akitembea na ubao wa kuandikia. Lakini Mkasi alijifariji. Angalau hadhulumiwi.

Pengine mambo yangeishia hapo kama Mkurugenzi hangepitia mafaili.

Mkurugenzi alikuwa mwenye kiwanda, na kiwandani alionekana mara mbili kwa mwaka. Mwaka huo alikuwa mwanachama wa umoja wa waajiri waliotaka kodi ya ngazi kwa ngazi ifutwe na badala yake kila mtu alipe asilimia kumi na tano ya kipato chake chote, tangu senti ya kwanza. Alikuja, mashine zikazimwa, wafanyakazi wakakusanywa katika ukumbi wa kufungashia, akapanda juu ya boksi. Alisema kwamba siku zote jambo moja limekuwa likimnyima usingizi, nalo ni usawa. Alisema hataki mfanyakazi wake na yeye watendewe tofauti. Asilimia kumi na tano kwa bosi, asilimia kumi na tano kwa mfagiaji, bega kwa bega. Wafanyakazi walipiga makofi kwa nguvu, kwa kuwa hotuba ilikuwa imekula nusu saa ya kazi na walitumaini itakula nyingine.

Kisha akatoa karatasi mfukoni. Alisema ana mfano hai, humu humu ndani, wa mama mchapakazi aliyekataa cheo kwa sababu ya kodi hii. Akaisoma barua yote, polepole, na alipofika kwenye "kuua ari ya uzalishaji" akasimama kidogo ili watu waumie. Mkasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake aliitwa mbele, akapigwa picha akiwa ameshikwa bega, na akaambiwa kwamba Alhamisi ya wiki inayofuata atazungumza kwenye kongamano la wadau wa kodi, hotelini.

Nyumbani Mchumi alipokea habari hizo kwa utulivu wa mtu ambaye hatimaye dunia imemkuta pale alipokuwa akiisubiri. Alisema ataongozana naye, kama mshauri. Akaazima koti la mdogo wake.

Siku ya Jumatano, Mkasi aliitwa na karani wa mishahara kwenda kusaini nauli ya kongamano. Karani huyu alikuwa mzee mkimya aliyebakiza miezi minane kustaafu, na ofisi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mgeni akiingia lazima mlango ufungwe ndipo apate pa kukaa. Mafaili yalikuwa yamepanda mpaka darini. Alimpa kalamu, akamsubiri asaini, halafu akafunga daftari bila kulirudisha mahali pake.

"Dada, nataka kukuuliza jambo, na usikasirike," alisema. "Nani alikuambia cheo kile kingekupunguzia pesa?"

Mkasi akasema ni hesabu tu. Akaitaja yote, kwa kuwa alikuwa ameikariri: laki saba na nusu, asilimia thelathini, zinabaki laki tano na ishirini na tano. Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Akavuta hewa.

"Wewe ukitandaza tabaka sitini za kitambaa ukaambiwa kata kumi za juu tu, zile hamsini za chini zitaguswa?"

"Hazitaguswa. Labda awe anakata Mshazari."

"Basi na kodi ni hivyo hivyo. Laki tatu za kwanza haziguswi na mtu yeyote. Laki tatu zinazofuata zinakatwa asilimia kumi. Asilimia thelathini inakata kile tu kilichozidi laki sita. Kwako wewe ni laki moja na nusu ya juu, basi. Za chini zinabaki kama zilivyokuwa."

Karani akavuta hati moja ya mshahara kutoka kwenye rundo, akafunika jina kwa kiganja. Alisema kwamba maadili ya kazi hayamruhusu kutaja ni ya nani. Ni ya mtu fulani wa chumba cha kukatia, aliyepandishwa cheo mwezi uliopita. Mstari wa mwisho ulisema laki sita na sabini na tano elfu.

Mkasi alikuwa mtu wa vipimo, na hesabu ile ya kutoa aliifanya kichwani kwa sekunde tatu. Laki moja na kumi na nne elfu. Kila mwezi. Na alikuwa ameandika barua kuzikataa, kwa masikitiko makubwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ile kazi aliyoikataa alikuwa anaifanya vilevile, yote, na ya kwake juu.

Kisha aliuliza swali ambalo karani hakulitegemea. Aliuliza hiyo asilimia kumi na tano ya Mkurugenzi ingemfanya nini mtu kama yeye. Karani akaandika. Sasa hivi analipa kodi ya elfu ishirini na tisa. Kwa kiwango kimoja angelipa elfu themanini na nane na nusu.

"Na yeye?"

Karani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alisema mshahara wa Mkurugenzi ni siri ya ofisi. Lakini tuseme kuna mtu, mtu yeyote tu, anapata milioni ishirini. Leo analipa karibu milioni sita. Angelipa milioni tatu.

"Kwa hiyo mimi naongeza, yeye anapunguza."

"Bega kwa bega," alisema karani, akarudisha daftari mahali pake.

Hotelini kulikuwa na baridi ya kutengenezwa na zulia linalomeza viatu. Kila aliyeingia alipewa chupa ya maji na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa MDAU. Mchumi alikivaa juu ya koti la kuazima, akakaa safu ya tatu, akakunja nne. Mkasi hakuwa amemwambia lolote. Alijua kwamba akimwambia atajibiwa, na hakuwa na nguvu za kujibiwa.

Mzungumzaji wa kwanza alikuwa mshauri wa mambo ya biashara, na Mkasi alitaka sana aongee upuuzi lakini hakuongea upuuzi mtupu. Alisema kwamba mtu anayelipa milioni sita anapita kwenye mashimo yale yale ya barabara na yule asiyelipa kitu. Alisema kodi ikizidi kupanda, wenye mitaji watahama, au watabaki na kuficha. Alisema mtu anayejua kwamba saa yake ya ziada itakatwa theluthi ataenda kulala. Mkasi alijikuta akitikisa kichwa kukubali hili la mashimo. Baada yake alikuja mwalimu wa chuo, aliyealikwa ili mjadala uonekane mjadala, akapewa dakika tano. Alisema elfu hamsini ukimchukulia mfagiaji umemchukulia chakula cha watoto, na ukimchukulia tajiri umemchukulia kitu ambacho hatagundua mpaka mhasibu wake amwambie, na kwamba asilimia ikiwa moja maumivu hayawi mamoja. Dakika ya nne kengele ikamlilia.

Kisha akaitwa "mama shujaa aliyesema hapana." Mkasi akapanda. Mkurugenzi alikuwa mbele kabisa, anatabasamu. Kipaza sauti kilikuwa juu sana, wakakishusha.

"Mimi nakata vitambaa," alisema. "Ile barua iliyosomwa niliisaini mimi, siikani. Lakini hesabu yake ilikuwa mbovu. Nilidhani kodi ya asilimia thelathini inakata mshahara wote, kumbe inakata kilichozidi tu. Ningekubali cheo ningepata zaidi, si pungufu. Kwa hiyo kodi haikunidhulumu. Nilijidhulumu mwenyewe, na waliokuwa wanajua walinyamaza. Sasa hii mpya mnayoitaka nimepigiwa hesabu yake. Mimi nitalipa mara tatu ya ninavyolipa leo, na mwenye milioni ishirini atalipa nusu. Inawezekana mna sababu zenu, na nyingine nimezisikia hapa zina maana. Ila msiseme mnafanya hivyo kwa ajili yangu. Ahsanteni."

Katika safu ya tatu, Mchumi aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, na akawa na kazi nayo kwa muda mrefu.

Mkasi alitegemea kuzomewa, au kufukuzwa, au angalau kukasirikiwa. Hakuwajua wenyeji wake. Mwenyekiti wa kongamano alisimama akamshukuru kwa ushuhuda mzito. Alisema hakuna ushahidi bora zaidi wa kwamba kodi ya ngazi kwa ngazi ni tata mno, tata kiasi kwamba mchapakazi wa miaka ishirini na miwili hawezi kuielewa, akapoteza cheo. Kiwango kimoja, alisema, hata mtoto anakielewa. Watu wakapiga makofi wamesimama. Mkurugenzi akampa mkono. Kesho yake gazeti lilitoa picha yake, na chini yake maneno: "Mama aliyekataa cheo asema kodi ilimchanganya." Na ukiyatazama maneno hayo huku na huku, huwezi kuyaita uongo.

Njiani kurudi Mchumi alikunja na kukunjua kamba ya kitambulisho chake kwa vituo vinne vya basi. Cha tano kilipokaribia akakohoa.

"Ulinielewa vibaya, shemeji," alisema.

Mkasi akatazama nje ya dirisha.

Jumatatu alirudi kwenye meza yake, na kuanzia siku hiyo akafanya kazi ya mkataji, basi. Hakugoma wala hakununa. Mshazari alipomletea michoro aiangalie, alimwambia kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya msimamizi, na yeye hakubarikiwa cheo hicho. Wiki ile kulikuwa na oda kubwa ya suruali za walinzi. Mchoro uliokuja ulikuwa wa nusu, yaani wa mguu mmoja tu: ulitaka vitambaa vitandazwe vikitazamana, uso kwa uso, ili kila mguu wa kushoto upate wa kulia wake. Mkasi alipita akaona meza nzima vimetandazwa uso juu. Akasimama. Pamoja na yote aliyojiapiza, kitambaa kilikuwa kitambaa, na roho ilimsuta. Akamwambia Mshazari kwamba vitambaa vile havitazamani. Mshazari, ambaye kunyimwa msaada kulikuwa kumemuuma, na mbele yake wamesimama vibarua wanne wanaosikiliza, alimjibu kwamba chumba kile kina msimamizi mmoja.

Walipofungua mafurushi upande wa cherehani, walikuta miguu ya kushoto elfu moja na mia mbili. Wa kulia hata mmoja.

Meneja alishuka mwenyewe kuja kuona. Alichukua mguu mmoja, akaugeuza, akachukua mwingine, akaugeuza, kana kwamba wa mia sita hivi ungekuwa tofauti. Mshazari hakungoja aulizwe. Alikiri yote, mbele ya watu, jambo ambalo wengi wa vyeo vya juu zaidi yake hawajawahi kulijaribu, kisha akamfuata Mkasi nyuma ya marobota ya vitambaa. Alimwambia pesa alizipenda sana, lakini usingizi alikuwa hana tangu alipozipata, na kwamba anamwomba radhi, na kwamba anataka kurudi kwenye meza yake. Mkasi akamwambia yameisha. Na kwa upande wa Mshazari kweli yaliisha.

Siku ya pili aliitwa tena ofisini na kukalishwa kwenye kiti kile kile. Meneja alisema kiwanda kinampa nafasi nyingine. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba safari hii uongozi umezingatia msimamo wake. Ili kodi isije ikamdhulumu, mshahara wa cheo umewekwa chini kidogo ya ile ngazi: laki tano na tisini na tisa elfu. Nyongeza ya elfu tisa, na hata senti moja haitaonja asilimia thelathini.

Mkasi aliitazama barua ya uteuzi. Ilikuwa nzuri, ina mhuri. Akaisukuma polepole kurudi upande wa pili wa meza.

"Bwana meneja, naomba nidhulumiwe."

"Unasemaje?"

"Naomba nidhulumiwe kama alivyokuwa akidhulumiwa Mshazari. Kwa laki saba na nusu. Na kama ipo dhuluma kubwa zaidi ya hiyo, mimi nipo tayari kuivumilia."

Meneja akasema jambo hilo linahitaji idhini ya juu. Mkasi akasema hana haraka, akainuka, akarudi kwenye meza yake kukata sare za manesi. Wenye kampuni ya walinzi ndio waliokuwa na haraka. Siku ya kwanza walipiga simu mara tatu. Siku ya pili wakaja wenyewe, wawili, wenye suti. Jioni ya siku hiyo idhini ya juu ikashuka, tena bila kongamano.

Mwisho wa mwezi Mkasi aliisoma hati yake ya mshahara kuanzia juu kwenda chini, mstari kwa mstari, kwa mara ya kwanza maishani. Kilichobaki kilikuwa kizuri, laki sita na sabini na tano elfu kamili. Lakini kabla ya kufika huko alipita kwenye mstari wa kodi, nao ulisema elfu sabini na tano. Akasimama pale. Elfu sabini na tano ni viatu vya shule vya watoto wote, na soksi. Alijua kwamba ni haki, alikuwa amelisema hilo hotelini mbele ya watu wenye maji ya chupa, na bado ilimuuma kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kwa muda mfupi, na kwa aibu kidogo, alimwelewa Mkurugenzi.

Jioni aliyasema hayo wakati wa kula, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mchumi, ambaye tangu kongamano alikuwa akisikiliza redio kwa sauti ya chini, alifufuka.

"Si nilikuambia?" alisema. "Si nilisema kodi hii inamla mchapakazi?"

Mume wake alifungua macho, au tuseme aliyatia uhai, maana yalikuwa wazi muda wote. Alisema kama hizo elfu sabini na tano zimetumwa upande wa hospitali, basi yeyote aliyezibeba amepotea njia. Gari la wagonjwa lilikuwa mwezi wa pili halina tairi la akiba, na juzi alimbeba mama mjamzito huku akimwomba Mungu aepushe msumari. Alisema kukatwa yeye hakujali. Alitaka tu siku moja akione kilichokatwa. Ndiyo yalikuwa maneno marefu zaidi kutoka kwake mwaka ule.

Kisha Mkasi akaweka kijiko chini. Alisema amefikiri, na ameona kaka mtu ana hoja. Hizi ngazi kwa ngazi hazina usawa, hasa humu ndani, ambamo miaka tisa wawili wanalipa kila kitu na wa tatu halipi. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu wataweka kiwango kimoja. Umeme, maji, chakula, vyote vinagawanywa kwa watu wazima watatu, sawa kwa sawa, bega kwa bega.

Mchumi alitafuna kwa muda mrefu kitu ambacho alikuwa ameshakimeza.

"Shemeji," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko walivyowahi kuisikia, "haki si kila mtu kulipa sawa. Lazima tuangalie na uwezo wa mtu."

Mdogo wake alianza kucheka, kwanza mabega tu, halafu mwili mzima, mpaka ikabidi asogeze sahani. Mkasi hakucheka. Alimtazama shemeji yake kwa makini, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukigusa, akamwambia kwamba hoja hiyo imekubaliwa. Mwenye kipato atatoa pesa, na asiye na kipato atatoa nguvu, kuanzia na vyombo vilivyoko mezani. Mchumi aliuliza kama kuna nafasi ya kukata rufaa. Akaambiwa ipo, baada ya masufuria.